Trove kwa walimu wa historia Dodoma: tafuta msamaha, usitafute msafara

Huduma: maktaba ya mtandaoni ya Maktaba ya Taifa ya Australia. Bei: bure. Tumeipima kwa kazi moja tu: kumpata mfungwa aliyesafirishwa ng'ambo na Uingereza, akabeba mizigo ya wapelelezi waliotafuta njia mpya, kisha akasamehewa.

Mwanafunzi wa Dodoma hahitaji maelezo marefu kuelewa kwa nini kazi hiyo ni ngumu. Misafara iliyovuka Ugogo ikilipa hongo kwa watemi inajulikana kwa majina ya Burton, Speke na Stanley. Wapagazi hutajwa kwa idadi. Kati ya mwaka 1788 na 1868 Uingereza ilipeleka Australia wafungwa wapatao 162,000, na wapelelezi wa huko walipata wabeba mizigo wao humo humo. Mwaka 1813 Blaxland, Lawson na Wentworth walipovuka milima ya Blue Mountains, watumishi walikuwa wanne. Ukiandika jina la mlima au la bwana mkubwa kwenye kisanduku cha kutafutia, utaletewa makala kwa maelfu, na nyingi ni kumbukumbu za miaka mia baadaye zinazosifu watu wale wale watatu.

Kwa hiyo geuza swali. Tafuta hati aliyopewa mtu huyo. Na hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu kwa Kiswahili tunasema "alisamehewa" na kumaliza, wakati ofisi ya gavana ilikuwa na karatasi nne tofauti. "Ticket of leave" ilikuwa ruhusa ya kujitafutia kazi na mshahara huku kifungo kikiendelea, na iliweza kufutwa. "Conditional pardon" ilimpa uhuru ndani ya koloni ila hakuruhusiwa kurudi Uingereza. "Absolute pardon" ilifuta kila kitu. "Certificate of freedom" haikuwa msamaha hata kidogo: ni cheti kwamba mtu amemaliza kifungo chake. Ukitafuta neno "pardon" peke yake, aliyepewa tiketi hutamwona, na wengi walianza na tiketi.

Mfano mzuri wa kujaribia ni safari ya wapelelezi Hamilton Hume na William Hovell. Waliondoka Oktoba 1824 wakiwa na wafungwa sita, wakafika pwani ya kusini kwenye ghuba ya Corio katikati ya Desemba, wakarudi Januari 1825. Fanya hivi. Fungua utafutaji wa kina, chagua magazeti na matangazo ya serikali, weka tarehe 1825 hadi 1826, jimbo New South Wales, kisha andika jina la mmoja wa wafungwa hao kati ya alama za kunukuu na uongeze ~5 mwishoni: "Thomas Boyd"~5. Alama hiyo inaruhusu maneno yaachane kidogo, hivyo "Boyd, Thomas" wa kwenye orodha naye anaingia. Bila hiyo, orodha zote zilizotanguliza jina la ukoo zinakupita.

Majina ya wafungwa hao sita nayo yana vituko. Henry Angel huandikwa pia Angell. Claude Bossawa ameandikwa kila karani alivyomsikia, kwa hiyo anza na jina la kwanza pamoja na neno "Hovell". Pia usichuje matokeo kwa kuchagua makala tupu. Trove inagawa maandishi kwa mafungu, na tangazo la serikali wakati mwingine limewekwa upande wa matangazo ya biashara, katikati ya sukari na farasi aliyepotea.

Jambo la kujua kuhusu tarehe: gazeti rasmi la serikali ya New South Wales lilianza mwaka 1832. Kabla ya hapo, amri na orodha za gavana zilichapishwa ndani ya Sydney Gazette, lililoanza mwaka 1803. Anayechagua gazeti la serikali peke yake kisha akatafuta msamaha wa mwaka 1815 atapata sifuri na kudhani mtu hayupo.

Dirisha la pili la kutafuta ni 1853 hadi 1855, na hapa Trove inalipa kuliko mahali pengine popote. Hovell alialikwa Geelong, mji ulio kwenye ghuba ile ya Corio, akapewa heshima kama kiongozi wa safari ile, Hume akakasirika. Ugomvi ukaenda magazetini, na Hume akawatafuta wale wafungwa wa zamani, Boyd, Angel na Fitzpatrick, watoe ushahidi wa nani aliongoza na nani aliogopa kuvuka mto. Miaka thelathini hawakuulizwa. Mabwana walipogombana ndipo maneno yao yakachapishwa. Ushahidi huo usome kwa tahadhari, maana ulikusanywa na upande mmoja wa ugomvi.

Kazi ya kikundi darasani ifanyeni kwa barabara ya William Cox, aliyesimamia ujenzi wake. Julai 1814 hadi Januari 1815, wafungwa 30 walikata barabara ya maili 101 kuvuka milima ile ile, kwa ahadi ya uhuru. Gavana Macquarie akaipita mwenyewe mwaka 1815. Taarifa yake ndefu ya safari hiyo imo kwenye Sydney Gazette la Juni mwaka huo. Ni kipimo kizuri cha kumfundisha mwanafunzi kutenganisha aliyefanya kazi na aliyeandikwa.

Sasa kasoro. Maandishi yamesomwa na mashine kutoka kwenye picha za karatasi chakavu, na mashine hukosea: herufi "rn" huwa "m", nambari hugeuka alama. Utapokosa jina, tafuta neno jingine ambalo lazima liwe kwenye tangazo hilo, kama jina la meli aliyokuja nayo mfungwa. Ukiliona kosa unaweza kulisahihisha papo hapo. Ukifungua akaunti ya bure, masahihisho hubaki kwa jina lako na unaweza kutunza orodha zako. Kasoro kubwa zaidi ni kwamba rejesta yenyewe ya misamaha haimo Trove. Iko kwenye hifadhi ya nyaraka ya jimbo la New South Wales, ambako faharasa ni bure lakini nakala za baadhi ya hati hulipiwa. Kesi ya mwanzo iliyomfunga mtu nayo usiitafute London kwa mazoea: kumbukumbu za Old Bailey, mahakama ya London, ziko mtandaoni bure, ila mfungwa aliyehukumiwa Ireland au kwenye mikoa ya Uingereza hayumo.

Kuhusu bando. Picha ya ukurasa mzima ndiyo inayokula data, hasa ukiivuta kubwa na kuisogeza. Kwa simu, soma maandishi yaliyo pembeni, kisha fungua picha pale tu unapotilia shaka neno. Makala moja moja unaweza kuishusha kama maandishi, picha au PDF. Maandishi ni mepesi kabisa na yanatosha kwa maandalizi ya somo. Kabla umeme haujakatika, nakili kiungo cha kudumu cha makala, kile chenye maneno nla.news-article na nambari. Kiungo cha ukurasa wa matokeo usikitegemee, kwani ukikifungua kesho utaanza kuchambua upya.

Kwa kuchapisha kwenye duka la steshenari, beba PDF kwenye flashi na uitazame kwanza. Safu ndefu ya gazeti hukatwa vipande, na kipande cha mwisho mara nyingi kinabaki ukurasa wa tatu kikiwa na mistari minne, ambayo ndiyo yenye majina. Mchapishaji mwenye haraka huona ukurasa karibu mtupu akauruka.

Tunaipa nyota nne kati ya tano. Ukikwama, kuna fomu ya kuuliza wakutubi wa maktaba hiyo huko Canberra. Wako mbele yetu kwa saa saba, nane wakati wa kiangazi chao, kwa hiyo saa tatu asubuhi yao ni saa nane usiku kwetu. Tuma swali jioni, na taja gazeti, tarehe na nambari ya ukurasa. Swali la "nisaidie kumpata Boyd" litarudishwa na maswali matatu.