Biblia ipi ununue kwa kusoma sura kwa sura na kuandika tafakari zako

Mtu anayetaka kusoma Biblia sura kwa sura, kuanzia Mwanzo hadi Ufunuo, na kuandika kile Mungu anachomwambia, hahitaji Biblia ileile ya kubeba ibadani Jumapili. Ya Jumapili hufunguliwa mara mbili tatu, ikafungwa. Yako itafunguliwa kila alfajiri, pengine umeme umekatika, kwa miaka. Vitabu 66 vina sura 1,189. Ukisoma sura moja kwa siku bila kuruka, ni miaka mitatu na miezi mitatu hivi. Mkatoliki mwenye vitabu 73 atakwenda zaidi ya hapo. Basi chagua kitakachodumu, tena kitakachokuacha ulisikie Neno mwenyewe kabla wengine hawajakueleza. Nimepanga machaguo haya kwa kipimo hicho.

Ya kwanza: Biblia isiyo na maelezo, maandishi makubwa, pamoja na kaunta buku

Hii naiweka juu bila kusita. Kaunta buku nene (quire 3) inapatikana duka lolote la vifaa vya shule, na ina nafasi ambayo hakuna Biblia itakupa. Andika tarehe, sura, mstari uliokugusa, kisha maneno yako. Siku utakaporudi kwenye Zaburi ya 42 ukiwa umefiwa, utayakuta uliyoyaandika ulipokuwa na amani, na hapo ndipo utaona jinsi Bwana alivyokuwa akikuandaa.

Kwenye tafsiri, wengi wetu tulilelewa na Union ya 1952, iliyokuja baada ya tafsiri za awali za Kiunguja na Kimvita. Ndiyo tuliyokariri Shule ya Jumapili, na kwa Zaburi na Isaya sijaona inayoifikia kwa uzito wa lugha. Ugumu wake unaonekana kwenye Ayubu na nyaraka za Paulo, ambako sentensi ni ndefu na baadhi ya maneno hayasikiki tena mtaani. Toleo lake lililorekebishwa limelainisha sehemu nyingi. Biblia Habari Njema inasema kwa lugha nyepesi, na kijana anayesoma Hosea au Amosi kwa mara ya kwanza ataielewa bila kusimama kila mstari. Tafsiri iitwayo Neno, ya shirika la Biblica, ninaiona katikati ya hizo mbili. Ushauri wangu: aliyezoea Union anunue iliyorekebishwa, anayeanza leo aanze na Habari Njema. Mkatoliki aulize Habari Njema yenye vitabu vya Deuterokanoni, vile saba vinavyozidi 66, maana ipo, na asikubali kupewa isiyo navyo kwa haraka ya muuzaji.

Angalia pia vichwa vidogo ndani ya sura. Mgawanyo wa sura tunaoutumia uliwekwa karne ya 13, na kwa kawaida hutajwa kuwa kazi ya Stephen Langton, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Waandishi wenyewe hawakuandika kwa sura, ndiyo maana mahali pengine mpaka wa sura unakata katikati ya jambo. Siku ya saba ya uumbaji imeangukia Mwanzo 2. Habari ya Mtumishi anayeteseka, ambayo tunaiita Isaya 53, inaanzia 52:13. Na mfano unaonigusa kuliko yote ni mwisho wa Yohana 7: kila mtu alikwenda nyumbani kwake. Ukifunga Biblia hapo, umelikosa jambo, kwa sababu mstari wa kwanza wa sura ya 8 unasema Yesu alikwenda mlima wa Mizeituni. Wote wana kwao pa kulala, na Mwana wa Adamu anapanda mlimani. Tafakari nzima ya asubuhi imo kwenye mpaka ule, na msomaji anayeishia kwenye namba ya sura hataiona. Vichwa vidogo vilivyopangwa vizuri vinakuonyesha habari inapoanza na inapoishia kwa kweli.

Ukiwa dukani usione haya kuikagua. Fungua Hesabu 7, sura yenye mistari 89 inayorudia matoleo yaleyale ya wakuu wa makabila. Kama macho yako yanachoka baada ya mistari kumi, maandishi ni madogo, na sura za namna hiyo ndizo zinazowakatisha watu tamaa. Inua ukurasa mmoja kwenye mwanga uone kama maneno ya nyuma yanaingiliana na ya mbele. Ifungue Mwanzo 1 juu ya kaunta uone kama inatulia bila kushikiliwa. Kisha angalia mgongo kwa juu: iliyoshonwa inaonyesha mafungu ya kurasa yaliyokunjwa na uzi, ya gundi peke yake huanza kuachia kurasa, na mara nyingi ni Mwanzo na Ufunuo zinazotangulia. Jalada la zipu linafaa kwa anayepanda bodaboda wakati wa mvua. Marejeo ya pembeni, yanayokuelekeza kwenye mistari inayohusiana, ni mazuri ukiyapata, lakini yasikufanye ukubali maandishi madogo.

Ya pili: Agano Jipya lenye Zaburi

Kama fedha ni kidogo, au sura 1,189 zinakutisha, nunua hili. Agano Jipya lina sura 260: sura tano kwa wiki, Jumatatu hadi Ijumaa, na wiki 52 zinalimaliza. Zaburi zikae kwa Jumamosi na Jumapili. Linaingia mfukoni, bei yake ni ndogo kuliko Biblia nzima, na aliyelimaliza mwaka mmoja huwa na hamu ya kujua Isaya na Kumbukumbu la Torati zinazotajwa mle ndani.

Ya tatu: Biblia yenye pambizo pana za kuandikia

Ni nzuri, ila nyingi utakazoziona madukani ni za Kiingereza, na kuomba kwa Kiswahili huku unatafakari kwa lugha nyingine kunachosha moyo. Ukiipata ya Kiswahili, tumia penseli. Wino mwingi na kalamu za rangi hupenya karatasi nyembamba.

Ya nne: simu

Programu za Biblia zenye tafsiri za Kiswahili ni za bure, na zingine zina sauti. Kwa koo za 1 Mambo ya Nyakati, sura ya 1 hadi ya 9, kusikiliza huku unafuata kwa macho kunasaidia sana. Mzee ambaye macho yamedhoofika, kwake hii ipande hadi ya kwanza. Kwa wengine, ujumbe unaoingia katikati ya Waebrania 11 unaondoa utulivu.

Ya tano: Biblia ya kujifunzia yenye maelezo

Mchungaji, katekista na kiongozi wa jumuiya wanaihitaji. Kwa tafakari binafsi inakuja mapema mno: jicho linateremka kwenye maelezo ya chini kabla mstari haujakaa moyoni. Inunue ukishamaliza mzunguko wa kwanza, nayo itajibu maswali uliyoandika mwenyewe.

Ya mwisho: kitabu cha tafakari za kila siku

Mstari mmoja, hadithi fupi, sala. Kimewafariji wengi hospitalini na safarini, nami nakiheshimu. Lakini hakikupitishi sura nzima, na tafakari ni ya mwingine.

Chama cha Biblia cha Tanzania kipo Dodoma, cha Kenya kipo Nairobi, na maduka mengi ya vitabu ya makanisa huuza matoleo yao. Kabla ya kulipa pitisha kurasa zote kwa kidole. Ukikuta zilizorukwa au zilizofungwa juu chini, omba nyingine palepale, kabla hujaandika jina lako ndani.