Twin Reverb yangu sasa inaruka chaneli kwa mguu: kazi ya fundi wa Kibuye

Mpiga solo wa benga hana mkono wa ziada. Vidole vya kulia vinadonoa nyuzi tangu wimbo uanze mpaka uishe, maana gita hili lilijifunza kwa nyatiti, kinubi cha Waluo, na nyatiti haipumziki. Mwimbaji akinyamaza ili magita yapande, hapo ndipo unahitaji sauti kubwa zaidi, na hapo ndipo huwezi kuachilia nyuzi hata kidogo ukageuze nobu ya ampu. Wanaocheza watasikia pengo. Miaka mitano nimepiga hivyo, Kisumu, Ahero, Bondo: juu mno mwimbaji akiimba, chini mno zamu yangu ikifika.

Ampu yangu ni Fender Twin Reverb ya valvu (mirija ya kioo inayokuza sauti), ya miaka ya 1970, ile ya paneli yenye rangi ya fedha. Ina valvu nne za 6L6 na spika mbili za inchi 12, na kuipandisha kwenye matatu ni kazi ya watu wawili. Chaneli zake ni mbili, Normal na Vibrato, kila moja na nobu zake. Lakini kiwandani hawakuiwekea njia ya kuruka kutoka hii hadi ile. Swichi yake ya mguu ina vitufe viwili, kimoja cha vibrato (kutetemesha sauti) na kingine cha mwangwi. Chaneli unaibadilisha kwa kuchomoa waya wa gita na kuuchomeka tundu jingine.

Fundi wa kwanza niliyempelekea alifunga relei (swichi inayoendeshwa na umeme) na kuilisha umeme wa volti 6.3 unaopasha moto valvu, kisha upande wa hasi akauunga kwenye chesisi, yaani fremu ya chuma ya ampu. Ampu ikavuma kama mzinga wa nyuki hata nobu zote zikiwa sifuri. Alipochukua drili atoboe paneli ya mbele ili aweke jeki mpya, niliibeba ampu yangu nikaondoka.

Huyu wa soko la Kibuye, Kisumu, ni mzee wa redio za zamani. Kabla ya kugusa bisibisi aliniuliza, “Omera, hii vibrato unaitumiaga?” Nikamwambia sijawahi, mzee wangu. “Basi tundu tunalo tayari.” Alimaanisha tundu la nyuma la swichi ya vibrato. Alilitenga na saketi yake ya zamani, akaliunga na relei, na kitufe kile kile cha Fender kikawa cha chaneli. Cha mwangwi kikabaki na kazi yake. Ampu haina shimo jipya hata moja, na nyaya alizotoa amezikunja na kuzifunga lebo, ili siku mtu akitaka kuirudisha ilivyokuwa airudishe. Kwa kifaa cha umri huu, hilo tu lilinitosha kumwamini.

Umeme wa relei aliutoa kwenye transfoma ndogo ya peke yake, mbali na ule wa valvu. Ule mvumo umekwisha kabisa. Relei yenyewe inafanya jambo rahisi: kila chaneli huishia kwenye rezista (kizuizi cha umeme) ya kilo-omu 220 kabla ya kuungana na mwenzake, na relei inaipeleka ardhini ile isiyotakiwa, inyamaze, kabla tu ya rezista hiyo. Chaneli inayobaki haipungui nguvu. Siku ya kwanza kulikuwa na mlio wa “pa!” kila nikikanyaga. Akapima, akakuta kapasita (kipuri kinachohifadhi umeme) moja ya zamani inavujisha volti, akaibadilisha. Sasa ukikanyaga unasikia tu kitufe chenyewe.

Gita linaingia tundu la 1 la Normal, na waya mfupi unatoka tundu la 2 kwenda Vibrato. Kwenye Twin ya kawaida ukifanya hivyo sauti inakonda, kwa sababu chaneli ya Vibrato ina hatua moja zaidi ya kukuza na mawimbi yake yanatoka yamepinduka, kwa hiyo chaneli hizo mbili zinakulana. Hapa haziwi wazi pamoja, kwa hiyo hazikulani. Normal nimeiweka safi na ya chini kwa kufuata mwimbaji. Vibrato iko juu, na mwangwi kidogo.

Niliijaribu kwenye harusi Ahero. Wimbo wa tatu, mwimbaji alipokata, nikakanyaga, na gita likatoka mbele ya besi bila mimi kuacha uzi. Mpiga ridhimu aligeuka kuniangalia. Miaka mitano nilikuwa nautafuta mgeuko ule.

Kasoro zipo. Aliniambia siku tatu, zikawa nane, na simu hapokei akiwa kazini. Swichi haina taa, kwa hiyo gizani sijui niko chaneli gani mpaka nipige. Nilimwomba taa, akasema waya wa zamani unahitaji kubadilishwa kwanza. Nililipa shilingi 6,500 pamoja na vipuri, na sioni kama ni nyingi.

Mtu asijaribu kazi hii nyumbani kwa kuangalia video. Ndani ya Twin kuna zaidi ya volti 400, na kapasita kubwa zinaweza kuushikilia umeme huo hata baada ya kuchomoa plagi. Mzee huzimwaga kwanza kwa rezista, anapima kwa mita, na hata hapo anafanya kazi mkono mmoja ukiwa nyuma ya mgongo.

Ukienda, nenda asubuhi kabla soko halijajaa, na ubebe swichi yako ya mguu pamoja na transfoma ya kushusha umeme kama ampu ni ya volti 120 ya Marekani, kwa sababu yake aliyonayo ni ndogo. Mimi narudi mwezi ujao kwa ile taa.