Blowa ya Betri kwa Bustani ya Nyumbani: Ipi Inunuliwe na Ipi Iachwe Dukani

Mwenye nyumba anayekwenda kununua mashine ya kupeperushia majani, ambayo madukani na kwa mafundi huitwa blowa, kwa kawaida huulizwa na muuzaji swali moja tu, nalo ni kiasi cha fedha alichonacho. Swali lenye manufaa zaidi ni la betri: je, nyumbani tayari kuna drili, grinda au msumeno wa betri, na ni wa kampuni gani? Katika mashine hizi betri na chaja mara nyingi hula karibu nusu ya bei ya seti nzima, na betri ya kampuni moja kwa kawaida haiingii katika mashine ya kampuni nyingine. Kwa hiyo anayenunua blowa yake ya kwanza anachagua pia, apende asipende, familia ya mashine zitakazofuata. Mpangilio ulio hapa chini umejengwa juu ya msingi huo, na umepimwa kwa bustani za kawaida za Dar es Salaam, Arusha, Mombasa na Nairobi, yaani kiwanja kisichozidi nusu ekari, chenye ukoka, sehemu ya pevingi na miti miwili mitatu mikubwa.

Ipo pia bustani isiyohitaji blowa hata kidogo. Uwanja wa mchanga usio na nyasi, kama ulivyo mwingi wa pwani, ukipulizwa kwa mashine hutimua vumbi hadi kwenye kamba ya nguo za jirani, ilhali ufagio wa chelewa huusafisha vizuri kwa gharama isiyolinganishika. Kiwanja kidogo chenye soketi barazani nacho kinatoshwa na blowa ya waya, ambayo ni nyepesi, ni rahisi kwa bei na haina betri ya kuchakaa. Fedha ya blowa ya betri inastahili kutolewa pale penye ukoka ambao reki huung'oa, vitanda vya maua ambavyo ufagio hauingii katikati yake, au njia ndefu ya pevingi iliyo mbali na umeme.

Majani kwanza, namba baadaye

Aina ya mti inapaswa kuamua ukubwa wa mashine kuliko ukubwa wa kiwanja. Majani ya mkungu na ya mwembe ni mapana, na yakiwa makavu hushika upepo kama tanga, hivyo huondoka kwa urahisi iwapo hewa ni nyingi hata kama haina kasi kubwa. Vijani vya mwarobaini ni vidogo, hujipenyeza katikati ya nyasi na kwenye maungio ya pevingi, na huhitaji hewa yenye kasi ya kuvinyofoa. Maua ya mjakaranda, ambayo Nairobi hudondoka kwa wingi kati ya Septemba na Novemba, hugandamana na sakafu yakinyeshewa. Hapo hata mashine kubwa huhangaika, na mwenye subira hungoja jua la saa nne liyakaushe.

Kwenye boksi huandikwa namba mbili. Moja ni wingi wa hewa, unaotajwa kwa mita za ujazo kwa dakika au kwa saa, au kwa alama ya CFM, ambayo ni futi za ujazo kwa dakika; mita moja ya ujazo ni sawa na futi za ujazo 35.3. Nyingine ni kasi ya hewa inapotoka kwenye mdomo wa bomba. Matangazo hupenda kasi, na kasi ndiyo inayopotosha. Makita DUB182 hupuliza kwa takriban mita 80 kwa sekunde, ilhali DUB184 ya kampuni hiyohiyo hupuliza kwa mita 52 tu, na anayesoma kasi peke yake angeichukua ya kwanza bila kusita. Hata hivyo, ya kwanza hutoa mita za ujazo 2.6 kwa dakika na ya pili hutoa 13, yaani mara tano. Kinachosukuma lundo la majani ni zao la wingi wa hewa, kasi yake na uzito wake, nalo hupimwa kwa nyutoni, kipimo cha nguvu ya msukumo. Watengenezaji kadhaa huandika nyutoni kwenye vipimo vyao, na palipo na namba hiyo isomwe kabla ya nyingine zote. Ukikokotoa kwa takwimu nilizozitaja, DUB182 inapata nyutoni nne na kidogo, DUB184 inapata zaidi ya 13. Ya kwanza ni ya kupulizia vumbi la mbao kwenye meza ya fundi, na haikukusudiwa kwa bustani.

Kuna jambo moja ambalo boksi halilitaji. Hewa ya Nairobi, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa kiasi cha sehemu moja ya sita, kwa hiyo mashine ileile, kwa wingi na kasi ileile, husukuma majani kwa nguvu iliyopungua kwa kiasi hicho. Mkazi wa nyanda za juu anayesita kati ya mashine mbili achukue iliyo kubwa.

Betri, ambako fedha nyingi hupotea

Betri inayoandikwa 18V na inayoandikwa 20V kwa kawaida ni kitu kimoja: seli tano za lithiamu zilizofuatana, kila moja ikiwa na volti 3.6 kwa wastani na volti zipatazo 4 ikiwa imejaa. Mfumo mmoja umeandika wastani, mwingine umeandika kilele. Tatizo halisi ni betri za bei rahisi zilizojaa sokoni, zenye maandishi makubwa ya 48V, 88V au hata 128V, mara nyingi na herufi VF pembeni, ilhali ndani yake mna seli tano zilezile. Namba hizo ni mapambo tu, na mashine inayouzwa kwa kutegemea mapambo hayo haifai kuaminiwa katika namba nyingine zilizo kwenye boksi lake.

Kipimo kinachofaa zaidi ni nishati, inayopatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea-saa, yaani ile namba inayofuatwa na Ah. Betri ya 18V yenye 5.0Ah ina wati-saa 90. Blowa inayokula wati 450 ikiwa imeminywa hadi mwisho itaimaliza betri hiyo kwa dakika 12, na mnunuzi aliyesoma tangazo la "hadi saa moja" atadhani ameibiwa, ingawa tangazo hilo lilipima mwendo wa chini kabisa. Faraja ipo katika tabia ya feni: ulaji wake wa nishati hushuka haraka kuliko mwendo wake, kiasi kwamba ukipunguza mwendo hadi theluthi mbili, ulaji hushuka hadi chini ya theluthi moja, na zile dakika 12 zinaweza kuvuka nusu saa. Kwa sababu hiyo swichi inayoongeza upepo kidogo kidogo kwa kadiri ya kuminya si anasa, na mashine yenye mwendo mmoja tu iachwe hata ikiwa rahisi. Gharama ya umeme haina haja ya kumsumbua mtu: uniti moja huijaza betri hiyo takriban mara tisa.

Betri bandia za kampuni zenye majina ni nyingi, na mizani ndogo ya jikoni husaidia kuzitambua. Betri halisi ya 18V yenye 5.0Ah ina seli kumi na huwa na uzito wa zaidi ya nusu kilo. Iliyo nyepesi kwa namna ya kushangaza huenda ina seli tano tu, chochote kilichoandikwa juu yake. Mnunuzi azitazame pia herufi za mwisho za namba ya mashine, kwa sababu Makita yenye Z mwishoni, kama DUB184Z, inauzwa bila betri wala chaja, na wengi hulitambua hilo wakiwa wamefika nyumbani.

Mpangilio wangu

Nafasi ya kwanza naipa blowa ya 18V yenye mota isiyotumia brashi za kaboni na feni kubwa inayotoa mita za ujazo zisizopungua 11 kwa dakika, na mfano wake ulio wazi ni Makita DUB184. Uzito wake pamoja na betri ni kama kilo tatu, kwa hiyo mtu wa makamo huishika kwa mkono mmoja bila kuugua bega siku ya pili, na betri yake huingia katika drili na grinda ambazo mafundi wengi wa kwetu wanazo tayari. Hilo la mwisho lina thamani kuliko linavyoonekana, kwani betri ikifa baada ya miaka kadhaa, utapata nyingine bila kuagiza kutoka mbali. Mwenye betri za DeWalt za 18V XR atafute DCM562, ambayo huandikwa CFM 400, sawa na mita za ujazo 11.3, nami sioni sababu ya yeye kuhama familia kwa ajili ya tofauti hiyo ndogo.

Ya pili ni mashine za volti 36. Hapa wapo Stihl BGA 57, inayotoa takriban mita za ujazo 600 kwa saa, sawa na 10 kwa dakika, na Makita DUB362, inayotumia betri mbili za 18V kwa pamoja. Stihl imetulia mkononi na imeundwa na watu wanaoijua bustani, lakini betri yake ya mfumo wa AK ni ya vifaa vya bustani, kwa hiyo inamfaa zaidi anayepanga kununua pia mashine ya kukatia uzio wa miti au nyasi ya mfumo huohuo. DUB362 ina upepo unaozidi ule wa DUB184 kwa kiasi kidogo tu, ni nzito kwa takriban kilo nzima, na inadai betri mbili kila inapowashwa. Faida yake ni kudumu muda mrefu kabla ya kuchaji, na mwenye kiwanja cha robo ekari hatauona umuhimu wake.

Nafasi ya tatu ni ya Ingco na Total za 20V, na naiandika bila dharau. Kampuni hizi zina maduka mengi Afrika Mashariki, vifaa vyake vinapatikana, na betri za P20S hutumika katika orodha ndefu ya mashine zao za bei nafuu. Kwa baraza, pevingi na majani makavu yaliyo juu ya nyasi fupi zinatosha. Tahadhari ni kwamba chini ya majina hayo huuzwa blowa za aina mbili, ndogo ya vumbi na kubwa ya bustani, zikiwa zimepangwa rafu moja na rangi moja, kwa hiyo wingi wa hewa usomwe kwenye boksi lenyewe wala si kwenye maneno ya muuzaji.

EGO ya volti 56 ningeiweka juu kabisa kama ningekuwa naandika kwa ajili ya wasomaji walioko Marekani au Ulaya. LB6500, yenye CFM 650, hutoa zaidi ya mita za ujazo 18 kwa dakika na inasogeza hata majani yaliyoloa. Kwetu naishusha hadi nafasi ya nne, na sababu ni moja: betri. Ikiharibika utaihitaji nyingine kutoka nje, na kuisafirisha ni kazi.

Hili linawahusu wengi wanaotegemea ndugu aliyeko ughaibuni. Kwenye ndege ya abiria betri ya akiba ya lithiamu hubebwa kwenye mkoba wa mkononi. Isiyozidi wati-saa 100 inaruhusiwa, ya kati ya 100 na 160 huhitaji idhini ya shirika la ndege, na inayozidi 160 hairuhusiwi. Betri ya 18V yenye 5.0Ah inapita, lakini ile ya EGO ya 56V yenye 5.0Ah ina wati-saa 280 na itabaki uwanja wa ndege. Chaja nayo ichunguzwe, kwani nyingi zinazouzwa Marekani ni za volti 120 pekee na zitaungua kwenye umeme wetu, ilhali za Uingereza, Omani na Dubai zinaingia moja kwa moja katika soketi za Kenya, Tanzania na Uganda.

Mwisho kabisa ni blowa ndogo za mkononi, zile za bastola zenye betri za namba za kutisha, pamoja na ndugu zake waaminifu kama DUB182 na Bosch GBL 18V-120, ambayo hiyo 120 ya jina lake ni mita za ujazo kwa saa, yaani mbili tu kwa dakika. Hizi mbili za mwisho ni zana nzuri za karakana. Katika bustani zitakuchosha.

Dukani

Omba mashine iwekwe betri, uishike kwa mkono mmoja huku bomba likielekea chini, kisha uiwashe kwa mwendo wa juu kwa dakika mbili: kifundo cha mkono kitakueleza kama uzito umegawanywa sawasawa, na betri ikipata joto kali katika muda huo mfupi irudishe kwenye rafu. Dai risiti iliyoandikwa namba ya mashine pamoja na ya betri, kwa kuwa mara nyingi muda wa dhamana ya betri ni mfupi kuliko wa mashine. Uliza pia kama miwani ya kukinga macho ipo, maana kokoto ndogo hurudi. Muuzaji akikataa kuiwasha, iwe Kariakoo au kwingineko, duka la pili lipo mtaa huohuo.