Cessna 172S inapotua: miguu mikuu imara, pua dhaifu

Kwa anayetafuta ndege ya watu wanne ya kujifunzia au kusafiria, tunaipendekeza Cessna 172S kabla ya nyingine, na sababu kubwa ni namna inavyosamehe wakati wa kutua. Miguu yake miwili mikuu ni mabomba ya chuma cha springi. Hupinda na kurudi hata rubani akiibwaga kidogo. Flapu, yaani vibao vya nyuma ya mabawa, hushuka hadi nyuzi 30, na hapo ndege hubebwa na hewa mpaka kasi ishuke karibu noti 40 (noti ni maili ya baharini kwa saa).

Udhaifu uko mbele. Gurudumu la pua limeshikwa na shokapu ya hewa na oili, nayo imefungwa kwenye bati la kuzuia moto lililo nyuma ya injini. Halikuundwa kupokea kishindo cha kutua. Likigusa lami kwanza, ndege hudunda. Rubani akishtuka na kusukuma pua chini, itadunda tena kwa nguvu zaidi, na midundo miwili mitatu inatosha kukunja bati hilo na kugongesha propela chini. Propela ikigonga, injini nayo lazima ifunguliwe na kukaguliwa ndani, hata kama bado inaunguruma vizuri. Gharama yake ni kubwa sana.

Chanzo cha kawaida ni mwendo. Kitabu cha ndege kinataka noti 60 hadi 70 kwa flapu kamili, na 61 kwa uwanja mfupi. Anayekuja na 75 badala ya 65 amebeba nishati zaidi kwa theluthi moja. Ndege inaelea, lami inakwisha, naye analazimisha iguse. Kinachogusa ni pua.

Uwanja wa Wilson, Nairobi, unadai umakini zaidi. Uko futi 5,500 hivi juu ya bahari. Hewa huko ni nyepesi: katika joto la nyuzi 25 bila upepo, kipimo cha mwendo kikisoma 65, ardhi inapita kwa noti kama 73. Aliyezoea Zanzibar, usawa wa bahari, huona anakimbia mno, akapunguza. Asifanye hivyo: afuate kipimo, ila ajue atahitaji lami ndefu zaidi. Na asisahau kupunguza petroli kwenye mchanganyiko wa petroli na hewa unaoingia injini. Ukiuacha umejaa petroli kwenye mwinuko huo, injini itakosa nguvu utakapotaka kupaa tena.

Ikidunda kidogo, shikilia pua ilipo, ongeza nguvu kiasi, iache itulie. Ikidunda juu, usibishane nayo: nguvu zote, flapu zirudi nyuzi 20 mara moja, panda kwa noti 60, kisha rudisha zilizobaki polepole.

Upepo wa ubavuni uliojaribiwa na kiwanda ni noti 15. Kwa mwanafunzi hizo ni nyingi. Bawa la ndege hii, lililo juu ya kabini, hunyanyuliwa kirahisi, hivyo usukani ubaki umezungushwa kuelekea upepo hadi ndege isimame kabisa. Wengi huulegeza mara tu magurudumu yanapogusa.

Unanunua iliyotumika? Mwombe fundi avue kava la injini, amulike sehemu ya chini ya bati la kuzuia moto. Mikunjo, riveti zilizolegea au rangi mpya mahali pamoja tu ni dalili ya pua iliyowahi kubamizwa. Kama daftari la matengenezo halielezi ukarabati huo, usilipe hata amana.