Uzoefu wangu: sare za sendoff, fundi wa Insta na mzee wa Sinza

Ukiwa na kazi Dar na miaka yako ishirini na kitu au thelathini na kitu basi kila mwisho wa mwezi kuna sendoff ya mtu, na kabla ya sendoff kuna mchango, na baada ya mchango kuna sare. Kamati inanunua jora zima Kariakoo, wanakata, unauziwa yadi zako nne upende usipende, rangi imeshachaguliwa na bibi harusi na dada zake, we kazi yako kutafuta fundi. Mwaka huu nimeshona kwa mafundi wawili tofauti kabisa na watu wananiuliza sana lile gauni la kijani nimeshona wapi, sasa naandika yote hapa nisirudie rudie.

Naanza na wa Insta. Ukurasa wake mzuri kwakweli, picha kali, mishono ya kisasa, mikono ya puto, mkia nyuma, ila kila anayeuliza bei anajibiwa "njoo dm" utafikiri ni siri ya serikali. Nkaenda dm, nkatajiwa ufundi elfu tisini, nkasema sawa, sendoff ya rafiki yangu wa chuo siwezi kwenda na mshono wa kawaida. Ofisini kwao kuna AC, kioo kina taa pembeni, unaletewa maji ya baridi. Kanipima binti mmoja huku anachati, kifua, kiuno, hipsi, urefu, basi. Hajaniambia nivute pumzi, hajaniambia niinue mkono. Hela ikabidi ilipwe yote mwanzoni, na siku ya kwenda kujaribu haikuwepo kwenye ratiba yao kabisa, nimeuliza nkaambiwa "dada usijali sisi ni professional".

Gauni nimelipata usiku wa kuamkia shughuli. Kwa mbele zuri, siwezi kusema uongo. Zipu ikafika mbavuni ikagoma. Dada yangu kavuta, mi nimeshika pumzi, ikapanda, alafu nikikaa kwenye kiti kiuno kinakata, kwa hiyo nimekaa kwa upande sendoff nzima kuanzia saa moja jioni mpaka MC alipoita watu wa kupeleka zawadi, na zamu yetu ya kwenda mbele kucheza mi mikono haipandi juu ya mabega. Asubuhi nimeligeuza ndani ndo nikaona vituko: mshono haujapigwa ovaloki (ule uzi wa kuzuia kingo zisifumuke), nyuzi zinaning'inia, na pale kifuani walipoweka gamu (kile kitambaa kigumu cha ndani kinachobandikwa kwa pasi) nilipopiga pasi pakafanya mapovu mapovu kama ngozi iliyoungua. Tangu siku hiyo nikiangalia zile kurasa za mishono kuna kitu naona, picha zote mtu kasimama, mkono kiunoni, hamna hata mmoja aliyekaa. Jaribu kuangalia na wewe.

Sendoff iliyofuata kamati ilikuwa na huruma, wametoa rangi tu, kijani na dhahabu, kitambaa kila mtu ajitafutie. Mi nafanya kazi Posta, lunch nikakatiza kwa miguu Mnazi Mmoja mpaka Mtaa wa Uhuru kwenye maduka ya vitenge. Hapa niseme kidogo maana watu wanapigwa sana. Kitenge kigeuze uangalie nyuma, kile cha nta rangi za pande mbili zinakaribiana, ukiona nyuma pamefifia ujue kimechapwa upande mmoja, sio dhambi, ila bei ishuke. Maandishi ya pembeni yasikutishe hata yakisema Vlisco, kitenge cha Vlisco ya Uholanzi ile kampuni ya tangu 1846 hawezi mtu kukuuzia yadi sita kwa elfu ishirini na tano, jamani. Na ukitaka kujua kama ni pamba omba uzi mmoja wa pembeni uuchome na kiberiti, pamba inabaki jivu unaliponda kwa vidole, ukiyeyuka ukawa kashanga kagumu hiyo ni plastiki na kwa joto la Dar utaiva humo ndani. Muuza duka wangu alikasirika kidogo kisha akacheka akaniletea kingine cha kutoka nyuma.

Sasa mzee. Yuko Sinza, barazani, cherehani mbili, redio inatangaza mpira, nimeelekezwa na mama mmoja wa ofisini ambaye nguo zake siku zote zinamkaa. Nimefika na kitambaa, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, kakikunjua mezani wala hajauliza mshono, kauliza "umekiloweka?" Sijakiloweka. Kanirudisha nacho nyumbani! Kasema pamba inarudi, kaloweke maji ya chumvi usiku mzima, anika kivulini, piga pasi, ndo uje. Nilikereka maana nimetoka Kimara na mwendokasi imejaa, ila nimefanya.

Niliporudi nimemwonyesha picha kwenye simu, kaiangalia, kasema huu mshono unataka kitambaa cha kuvutika, kitenge hakivutiki, tukikulazimishia utashindwa kupanda bajaji. Alafu akanionyesha kitu sijawahi kufikiria, maua ya kitenge changu yalikuwa na ndege wadogo wote wanaangalia juu, kwa hiyo kila kipande lazima kikatwe kuelekea upande mmoja, ukikata ovyo ili kubana kitambaa unajikuta mgongoni ndege wako kichwa chini. Ndo maana akataka yadi sita kamili na sio nne. Bitana kanikatalia satini, kasema inanata na jasho, nikalete pamba nyepesi.

Ila kilichonimaliza ni siku ya kujaribu. Gauni lilikuwa limeshikizwa tu na uzi mweupe, mishono mirefu mirefu ya mkono, halina zipu, pembeni pini. Nimevalia nyuma ya pazia la khanga. Kaniambia simama. Kaa. Inama kama unaokota funguo. Inua mikono yote kama unashangilia goli. Tembea, hatua ndefu. Kila nikikaa anachora chaki pembeni ya kiuno, kidogo tu, upana wa kidole, na kwapani kafungua kabisa akaingiza kipande kidogo cha pembe nne ambacho ukiniangalia hukioni. Wateja wengine wamekaa kwenye benchi wanasubiri na wanatoa maoni yao bila kuombwa, "baba, pale mgongoni panavuta", na kweli palikuwa panavuta. Ndani ya mishono kaacha kitambaa cha ziada kila upande, kasema "mwanangu we bado unakula, tutafungua."

Ufundi kanitoza elfu hamsini na tano, nusu mwanzo nusu ukichukua. Sendoff nimekula pilau sahani imejaa, nimekaa vizuri, nimecheza, nimepanda bajaji. Lile gauni mpaka leo navaa Ijumaa ofisini na bleza juu, wakati la elfu tisini liko kabatini sina wa kumpa.

Ubaya wa mzee upo, tusidanganyane. Simu hapokei, ukitaka kujua nguo imeisha inabidi uende. Siku aliyosema ndo tayari sio tayari, ongeza siku mbili tatu kichwani kwako, na ukimpeleka haraka haraka ya keshokutwa anakwambia hapana kavu kavu. Mishono ya mkia na shanga na vile vimawe vya kung'aa hafanyi, kama unataka kung'aa kwenye picha kwa masaa mawili na baada ya hapo huna mpango na nguo basi wa Insta watakufaa zaidi na wala sikucheki, kuna shughuli za hivyo. Choo hamna, parking hamna, na mvua ikinyesha baraza lote linahamia ndani mnabanana na nguo za watu.

Kwa fundi yeyote utakayeenda, mimi sa hivi nauliza swali moja kabla ya bei: siku ya kujaribu ni lini? Akianza kuzungusha maneno nachukua kitambaa changu naondoka. Na kwa wanaotaka kumfuata mzee kwa ajili ya Desemba, wahini kabla ya Oktoba kuisha maana sare za shule zikianza kuingia anaacha kupokea magauni mpaka Januari iishe.