Joto la bati kwenye nyumba ya zamani: nunua hiki, acha kile

Kila ikikaribia Desemba napokea lalamiko moja kutoka Dar, Tanga na Mombasa: "Dada, nimeweka foili chini ya bati na mchana bado hakukaliki." Wengi wao wameuziwa foili nzuri tu. Tatizo ni namna ilivyofungwa, na aliyewauzia hakufungua mdomo.

Joto la bati haliletwi chini na hewa, maana hewa ya moto hupanda. Hushuka kwa mionzi: bati hupata moto, huichoma dari, na dari hukuchoma wewe uliyelala chini yake. Foili hukata mionzi hiyo kwa sharti moja, nalo ndilo silisikii likitajwa dukani: upande unaong'aa lazima utazame hewa tupu, angalau milimita 25. Mafundi wengi huugeuza juu "urudishe jua," kisha wanaubana kwenye bati. Hapo umeshika sufuria ya moto kwa foili badala ya kitambaa. Hata ukiacha nafasi, upande unaotazama juu hujaa vumbi, na foili yenye vumbi hairudishi kitu. Mng'ao utazame chini. Mwambie fundi kabla hajapanda ngazi, na ukague kabla hajashuka.

Pamoja na hayo, kwa nyumba ya zamani foili naiweka ya pili. Ya kwanza ni pamba ya kioo, yaani nyuzi laini za kioo zinazouzwa kwa roli, na nikiipata ya chapa ya Isover sihangaiki na nyingine. Inatandazwa juu ya dari, katikati ya mbao, bila kung'oa bati hata moja. Chukua ya milimita 100 kama mfuko unaruhusu. Ya 50 ni ya kuanzia. Isikandamizwe, kwa sababu kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa ndani yake. Haishiki moto, ila inawasha ngozi vibaya, kwa hiyo glovu, barakoa na mikono mirefu. Ikilowa imeharibika, basi ziba kwanza bati linalovuja. Na kama nyaya za umeme juu ya dari ni za miaka mingi, fundi umeme azipitie kabla hujazifunika, maana waya uliofunikwa hupata moto zaidi.

Foili ya pande mbili zinazong'aa ipigiliwe chini ya kenchi, ukiwa ndani ya paa. Ile yenye mapovu ya plastiki katikati inauzwa ghali mno kwa kinachoongezeka.

Foma nyeupe, ile inayofungiwa televisheni, sitaki kuisikia juu ya vichwa vya watoto: inawaka, na moshi wake ni mweusi. Rangi nyeupe juu ya bati inasaidia mpaka ichafuke.

Nyumba nyingi za zamani zina matundu yenye wavu chini ya paa, pembeni. Watu huyaziba kwa kuogopa popo, halafu joto linakosa pa kutokea. Yafungue, weka wavu mpya, na usiyajaze pamba. Ukuta unaosumbua mara nyingi ni wa magharibi, na dawa yake ni kivuli: mti, au paa lililorefushwa. Bodi za kuzuia joto kwenye tofali la inchi 6 ni kula nafasi ya chumba bure.

Kama paa au dari ni ya zile bodi za kijivu za zamani, huenda zina asibesto, ambayo Kenya iliipiga marufuku 2006. Usitoboe, usikate, usisugue. Mwite mtaalamu kwanza.

Sasa wauzaji. Utatajiwa kwamba foili inarudisha asilimia 95 ya joto, utatajiwa 97, hakuna atakayetaja nafasi ya hewa. Pamba inaitwa "hamsini" wakati ukiifungua na kuiacha ipumue haifiki 40, na bei ni ileile. Kuna duka waliniambia kupima hairuhusiwi, kana kwamba naomba kuonja asali. Nenda na futi yako. Wakatae kukufungulia roli, au wakatae kuandika unene kwenye risiti, beba hela yako uende duka la pili.