Uzoefu wangu: mvinyo wa Dodoma na michoro ya Kolo

Wengi wetu tunaifahamu Dodoma kwa shughuli: usaili, vikao, kufuatilia faili wizarani. Ukimaliza, unakimbilia stesheni. Naomba safari ijayo uongeze wikiendi, maana mkoa huu una mambo mawili ambayo sijayakuta pamoja kwingine nchini: mashamba ya zabibu na mvinyo wake, na michoro ya miambani ya Kondoa ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Nimevionja vyote viwili kwa nafasi, na haya ndiyo maoni yangu.

Usafiri sasa si kisingizio. Tangu treni ya umeme ilipoanza safari za Dodoma mwaka 2024, kutoka Dar unatumia saa nne hivi au pungufu. Ukishuka utaona ardhi nyekundu, mibuyu na vilima vya mawe. Mvua hapa ni haba, nayo huja kwa msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili. Ukame huo ndio siri ya zabibu. Mzabibu haupendi unyevunyevu. Majani yakilowa muda mrefu, magonjwa ya ukungu yanaingia na mkulima analia. Jua kali la Dodoma linajaza sukari kwenye tunda, na maji yanayohitajika yanaletwa kwa mabomba ya matone.

Nilianzia upande wa Hombolo, nje ya mji, kwa mama mmoja mkulima ambaye tulielekezwa na dereva wetu. Alitupokea kwa "Mbukwenyi!", salamu ya Kigogo, akatuingiza moja kwa moja kati ya mistari ya mizabibu, kabla hata ya kutukaribisha kukaa. Mizabibu imepandwa kwa mistari, matawi yamelazwa juu ya waya uliokazwa kwenye nguzo, na vichana vinaning'inia chini ya majani ili jua lisiviunguze. Akakata kichana kimoja kwa mkasi wa kupogolea, akakipuliza vumbi, akatupatia. Ngozi ya zabibu ile ni nene, nyeusi inayoelekea zambarau. Ukiitafuna, utamu unatangulia, kisha ukakasi wa ngozi na kokwa unabaki ulimini. "Huo ukakasi, mwanangu, ndio kiwanda wanautaka," akaniambia. "Utamu mtupu hautengenezi waini."

Alinieleza pia jambo ambalo wageni hatulijui. Kwenye nchi za baridi mzabibu hulala wakati wa majira ya baridi, kwa hiyo mavuno ni mara moja kwa mwaka. Dodoma haulali. Mkulima ndiye anayeuamsha kwa kupogoa: akikata matawi, machipukizi yanatoka, maua yanafuata, na msimu unaanza upya. Ndiyo maana hapa wanavuna mara mbili, Februari na Machi, kisha tena Agosti na Septemba. Uchungu wao ni soko. Zabibu haingoji, ikiiva na mnunuzi hajatokea, ndani ya siku chache inaanza kuoza shambani. Wenye matangi huzikamua wenyewe na kuuza mchuzi wa zabibu kwa viwanda vikubwa. Asiye na tangi hubaki na bei ya anayekuja na gari. Nilipoona hali hiyo kwa macho, nilianza kuichukulia chupa ya Dodoma kwa uzito mwingine.

Sasa mvinyo wenyewe. Historia yake inaanzia kwa wamisionari Wakatoliki waliopanda zabibu Bihawana, nje kidogo ya mji, katika miaka ya 1950, wakitaka divai ya misa. Baadaye serikali ikaanzisha kiwanda na kituo cha utafiti Makutupora, na leo viko viwanda kadhaa vya binafsi, kikiwemo kile cha kampuni ya CETAWICO kule Hombolo. Zamani sifa ya mvinyo wa Dodoma ilikuwa utamu na ukali tu, kinywaji cha kulewea haraka. Chupa za namna hiyo bado zipo na zina wateja wake. Lakini anayehukumu mkoa mzima kwa hizo anajinyima.

Katika nilivyoonja, kilichonipendeza zaidi ni mwekundu mkavu, yaani usio mtamu, wa zabibu za Makutupora: mwepesi, una harufu ya matunda meusi yaliyoiva, na ule ukakasi wa shambani unarudi mwishoni. Kwa nyama ya mbuzi ya kuchoma haupati mwenzake. Mweupe wa aina ya zabibu iitwayo Chenin Blanc nao ni mzuri ukiwa umepoa sawasawa. Una uchachu safi unaofaa samaki wa Mtera. Mwekundu mtamu sikuuelewa sana na chakula, ila wenzangu wawili waliumaliza baada ya mlo bila malalamiko.

Kabla hujalipa, geuza chupa usome nyuma. Tafuta maandishi yanayosema umetengenezwa kwa zabibu za hapa nchini. Sheria yetu ya ushuru inatoza kidogo mvinyo ambao zabibu za ndani zinazidi asilimia 75, kwa hiyo mtengenezaji anayezitumia kwa kweli ana sababu ya kulitangaza. Angalia na kiwango cha kilevi. Kikiwa juu sana, kaa ukijua huo umeongezwa pombe kali. Si dhambi, lakini usiulinganishe na mvinyo wa mezani.

Malalamiko yangu hayahusu viwanda, yanahusu wanaotuuzia. Hoteli moja ya mjini ilituletea mwekundu uliokuwa umepangwa rafuni dirishani, juani, pengine kwa miezi. Ulikuwa na joto la chai na harufu ya siki. Mhudumu akasema, "Waini ya Dodoma ndivyo ilivyo, dada." Hapana. Mvinyo wowote ukiuanika utaharibika, hata utoke Ufaransa. Iliniuma kusikia mtu wa mji huohuo akiisema hivyo kazi ya yule mama wa Hombolo. Ukikutana na hali hii, rudisha chupa kwa adabu na ueleze sababu. Kununua kwenye maduka ya viwanda vyenyewe ni salama zaidi, na bei yake ni nafuu.

Ukiwa mjini siku ya Jumamosi, nenda mnada wa Msalato. Nyama inachomwa mchana kutwa, unachagua kipande mwenyewe kikiwa bado kinaning'inia. Omba na ugali wa uwele na mlenda kama wapo wanaouza. Ndicho chakula cha Wagogo hasa.

Kisha amka mapema uende Kolo, kwenye ile michoro ya Kondoa. Ni kilomita kama 180 kaskazini ya mji, lami tupu, unapita Kondoa na kuendelea barabara ya Babati. Pale Kolo kuna ofisi ya wageni kando ya barabara. Unalipa kiingilio, unapewa mwongozaji, na kutoka hapo unahitaji gari lenye nguvu, kwa sababu njia ya kwenda kwenye miamba ni ya mawe na makorongo. Sehemu ya mwisho ni kupanda kwa miguu. Vaa viatu vya kushika, sio ndala.

Miamba yenye michoro katika eneo hili ni zaidi ya 150, imetawanyika kwenye kingo za milima inayotazama Bonde la Ufa. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alipiga kambi hapa mwaka 1951 akiinakili mmoja mmoja. Michoro mikongwe ni myekundu, imechorwa kwa mistari myembamba ya udongo mwekundu: twiga, tembo, pofu, na watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu, kama wamesuka au wamevaa barakoa. Ile myeupe ni ya baadaye, mizito, imepakwa kwa vidole na wakulima waliofika baada ya wawindaji.

Mchoro ulionishika ni mmoja wa watu watano. Wa katikati anavutwa mikono, wawili upande huu, wawili upande ule, na wa upande mmoja wanaonekana kama wamefunika vichwa. Wapo wanaosema ni utekaji, wapo wanaosema ni ngoma ya uponyaji. Mwongozaji wetu hakutulazimisha jibu. Alisimama pembeni akatuachia muda, nami namshukuru kwa hilo, maana jicho linachelewa kuzoea. Mwanzoni unaona madoa tu. Ukitulia, mstari mmoja unageuka mguu, mwingine unageuka pembe, na ghafla ukuta mzima una watu.

Mahali hapa bado ni hai. Warangi wa vijiji vya jirani huja kwenye pango la Mungomi kufanya matambiko ya mvua na ya wagonjwa. Ukikuta dalili za tambiko usiguse, na usipige picha bila kuuliza. Wala usimwage maji juu ya mchoro ili rangi ing'ae kwenye simu. Nimeona mtu akitaka kufanya hivyo. Maji yanaondoa kile ambacho jua na upepo vimeshindwa kukiondoa kwa maelfu ya miaka.

Alama zangu: mvinyo nne kati ya tano, moja nimeipunguza kwa ajili ya huduma mezani. Kolo tano kamili, ingawa mabango ya maelezo yanahitaji Kiswahili kingi na kizuri zaidi, kwa sababu wanafunzi wanaoletwa pale ni wetu.

Kuhusu muda wa kwenda: Machi utakuta mavuno, lakini njia ya Kolo inaweza kuwa na utelezi na makorongo yana maji. Agosti utakuta mavuno vilevile, njia ni kavu, na anga ni safi. Jioni kuna baridi ya kweli, kwa hiyo beba sweta. Mimi nachagua Agosti, na chumba kiwekwe mapema kama Bunge lina vikao.